Waya wa Mlango wa Nyuma

Waya ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono, mweusi, na ulikuwa umeingia ukumbini kwa mlango wa nyuma bila kubisha hodi. Msimamizi wa ukumbi akaufuata kwa macho. Upande mmoja ulikuwa umechomekwa kwenye soketi kubwa ya ukutani, chini ya swichi kuu. Upande wa pili ulitambaa uani hadi kwenye lori la mpwa wake.

"Nilijua tu," akasema, na bunda la funguo kiunoni mwake likalia. Kwa sababu ya bunda hilo kila mtu alimwita Funguo, hata mama yake mzazi.

Lori lile zamani lilisambaza samaki waliogandishwa. Mpwa wake, binti wa dada yake, alilinunua likiwa hoi, akaligeuza studio ya kurekodia. Kuta nene zilizokuwa zikizuia joto sasa zilizuia kelele. Betri alizilaza chini ya sakafu, paneli za jua akazipandisha juu ya paa, na nyaya za taa akazitenga mbali na nyaya za sauti kama watoto wasiopatana. Alichora na kufuta mpaka mumewe akalalamika kwamba hata kitambaa cha meza kimejaa michoro ya umeme. Adui yake alikuwa mvumo, ule mngurumo mwembamba unaojipenyeza kwenye rekodi umeme ukiwa mchafu.

Na rekodi ya leo haikuwa na marudio. Aliyekuwa akiimba ni Bibi, mama yake Funguo, pamoja na kwaya yake. Wiki ijayo alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa koo. Sauti ingebaki au ingekwenda, hakuna aliyejua.

"Umeme wa ukumbi ni wa ukumbi," Funguo akamwambia mpwa wake. "Bendi moja ilikuja hapa ikaniunguzia swichi nzima. Sitaki lori lako lininyonye."

"Mjomba, hilo lori halimnyonyi mtu. Hata ukilipeleka porini litarekodi."

"Na huu waya je?"

"Huo ni wa tahadhari. Kwa usalama wa watu wote."

"Wote akina nani?"

Mpwa akacheka, akaenda zake. Alikuwa na kicheko hicho tangu utotoni, kicheko cha mtu aliyekwisha kulamba sukari na kufuta mdomo.

Alasiri ukumbi ukajaa pomoni. Haukuwa na dirisha hata moja; bila taa ni pango tu. Bibi akaanza kuimba, na Funguo akasimama nyuma kabisa, akimsikiliza. Katikati ya wimbo wa pili taa zikapepesa. Mara moja tu, kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni. Bibi hakusita, wala watu hawakujali. Ila Funguo alijali.

Ameanza kuninyonya, akawaza.

Akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka jengo mbiombio. Ng'ambo ya barabara kinyozi alikuwa amekaa kizingitini akijipepea kwa gazeti, mashine yake ya kunyolea imezima mapajani, na kando yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa akitazama mawingu. Duka la muziki la pale jirani, lililomkera Funguo kila siku kwa makelele, lilikuwa kimya kabisa. Angalau leo wana adabu, akajisemea, akapita.

Uani, mlango wa lori ulikuwa umeachwa wazi kidogo kuingiza hewa. Mpwa wake alikuwa ameinamia mitambo yake, spika zikiimba polepole kwa sauti ya Bibi.

"Chomoa huo waya!"

Mpwa akashusha hedifoni shingoni. "Mjomba, usiuguse. Tena sasa hivi ndiyo usiuguse kabisa."

"Unaona? Mwenyewe unakiri!"

"Hebu nisikilize kwanza..."

Lakini Funguo hakuwa mtu wa kusikiliza wakati mama yake yumo hatarini. Rekodi ikipotea, na ipotee. Mama hawezi kuzimiwa taa katikati ya wimbo, mbele ya watu wote wale. Huo ulikuwa uamuzi wa mtoto mwema, naye akautekeleza kwa mikono miwili. Akauendea mlango wa nyuma, akaushika ule waya mahali ulipoingia ukutani, akakaza miguu, akavuta.

Lori likaendelea kuwaka, kuanzia balbu ya darini mpaka taa ndogo nyekundu ya kurekodi.

Ndani ya ukumbi, gizani, mamia ya watu wakaguta kwa pamoja. Kisha kutoka kwenye spika za lori ikaja sauti ya mama yake, safi, bila mvumo hata chembe: "Funguo, mwanangu, hebu mrudishie mjukuu wangu waya wake. Watu hawaoni hata mikono ya kunipigia makofi."