Ngoma Ndani ya Eda

Nakutegea kitendawili wewe unayesikiliza: ngoma inapigwa ghalani, anayechezeshwa yuko chumbani.

Zama hizo watu wa nyumba moja walitiwa shanga chini ya ngozi, na mwili wa mmoja ukitikisika, wa mwenzake nao hutikisika. Saumu aliambiwa kuta za ukumbi mpya wa ngoma, lile ghala la zamani la mkonge, hazipitishi mtikisiko wa shanga. Akaenda. Midundo ikamtwanga kifuani kama mchi, naye akaruka mpaka nguo zikaloa jasho.

Aliporudi alimkuta mamake, Bi Mwanahawa, kajitanda nguo nyeupe za eda ya mumewe. Mawifi waliokuja kumliwaza walishaondoka, uji hawakuumaliza.

“Mama, kuta zilipitisha?”

Mamake akaitikia kwa kichwa. Uso wa Saumu ukamwaka kwa haya. “Mbele ya akina shangazi? Ulifanya nini, mama?”

Bi Mwanahawa aliokota bakuli moja baada ya jingine. Mwishowe akakaa.

“Shangazi yako aliniuliza, ‘Ndiyo furaha ya kufiwa hiyo, wifi?’ Nilicheza, mwanangu. Niliruka, nikacheka. Na baba yako sikumkumbuka hata kidogo.”