Kibao cha Mbuzi

"Si saratani kama tulivyodhani," daktari alimwambia Mboni asubuhi ile. "Ni uvimbe wa mishipa ya damu kwenye ini. Huenda ulizaliwa nao, na wala hautakuua."

Aliporudi Makorora alimkuta mke mwenzie jikoni, amekalia kibao cha mbuzi cha Mboni, anakuna nazi. Mboni mwenyewe ndiye aliyemposea mumewe binti huyu, ili akifa wanawe wasilelewe na mtu asiyemjua. Hina ya harusi ilikuwa haijamtoka bado.

"Pole na safari, dada. Wamesemaje hospitali?"

Mboni aliitazama ile miguu yenye hina, imenyooshwa pande zote mbili za kibao kama ya mwenye nyumba.

Akavua baibui, akalitundika.

"Sogea," alisema. "Nazi nakuna mimi."