Koki Iko Upande Wangu

Doa lilikuwa pana kama sahani, la rangi ya chai, katikati ya gauni jeupe ambalo bi harusi alikuwa alivae Jumamosi.

Mshonaji alilitundua ukutani kwa ncha za vidole. Rangi ya ukuta ilikuwa imevimba na kumenyeka, na maji yalichuruzika taratibu mpaka kwenye mabunda ya vitambaa.

"Wifi!" alifoka. "Wifi, safari hii umevuka mpaka!"

Hapo zamani nyumba ilikuwa moja, ya mama mkwe. Alipofariki wakaikata kwa ukuta, upande wa mtoto wa kiume na upande wa binti, na tangu siku hiyo mshonaji na wifi yake hawapikiki chungu kimoja. Kwa mdomo hawasemezani. Wanagongeana ukuta. Cherehani ikianza kunguruma alfajiri, wifi hugonga kwa mchi. Wifi akiburuta makabati yake, mshonaji hujibu kwa kisigino cha kiatu. Miaka sita ya matusi, na mpaka siku ya doa hilo hakuna aliyewahi kufungua kinywa.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo mshonaji alivua kiatu, akaupiga ukuta mara nne kwa nguvu zake zote. Ukuta ukajibu: ngo, ngo, ngo. Haukuwa hata mchi, kilikuwa kitu chepesi.

"Siku hizi hata kugombana anaona uvivu," alisema peke yake.

Akatoka, akaenda kuubamiza mlango wa wifi. Haukufunguliwa. Aliporudi tu chumbani, ngo, ngo, ngo. Damu ikamchemka. Mtu yumo ndani, mlango hafungui, lakini nguvu za kumkejeli mwenzake anazo!

Jumanne mumewe, dereva wa malori, alipiga simu kutoka safarini.

"Dada hapokei simu. Huko kwema?"

"Kwema gani? Dada yako ananimwagia maji makusudi! Gauni la watu limeharibika!"

"Taratibu, mke wangu. Mwite fundi bomba."

Fundi bomba alikuwa na kazi mpaka shingoni, akaahidi kufika Jumamosi. Mshonaji akafumua kipande chenye doa, akakata kingine, akaanza upya. Jina lake lote lilikuwa kwenye gauni lile. Bi harusi akikosa nguo siku ya ndoa, nani atamletea tena kitambaa? Na ukuta ukazidi kulowa, na kule kugonga hakukwisha, hata wakati wa kula. Akaongeza sauti ya redio.

Alhamisi asubuhi alikuta maji yamefika miguuni mwa cherehani. Hapo akasema basi. Dawa ya moto ni moto.

Bomba la wifi lilipita uani kwa mshonaji, na koki yake ilikuwa hapo, chini ya kipande cha bati. Kwa miaka sita hakuna aliyeigusa. Mshonaji alichukua spana, akaikaza mpaka ikalia.

"Koki iko upande wangu," alisema kwa sauti, ili asikike. "Mwenye shida atabisha hodi!"

Mchana huo ukuta uligongwa kuliko siku zote. Alicheka mpaka uzi ukamponyoka kwenye sindano. Wifi amekanyagwa penye kidonda! Ijumaa kugonga kukawa kwa kubahatisha, mara moja sasa, mara moja baadaye. Kufikia alasiri kukakoma. Ukuta nao ukaanza kukauka, na mshonaji akapiga pindo la mwisho huku akiimba. Hakuwa na haya kulisema: alifurahi.

Jumamosi mama wa bi harusi alikuja, akalipapasa gauni, akapiga kigelegele palepale mlangoni. Alipoondoka, fundi bomba akaingia na mkoba wake. Aliugusa ukuta, akaugongagonga kwa kidole.

"Tatizo liko ng'ambo, mama. Bafuni kwake."

"Si ndiyo ninayosema! Nenda ukamwone. Na umwambie koki naifungua akija kuniomba radhi kwa mdomo wake."

Fundi alibisha sana. Mwishowe akaparamia ukuta wa ua, akarukia upande wa pili. Mshonaji aliusikia mlango wa nyuma ukisukumwa. Akasimama mikono kiunoni, akisubiri.

Kichwa cha fundi kilichomoza juu ya ukuta, uso umemsawijika.

"Ameanguka bafuni tangu Jumapili. Mguu umevunjika, hawezi kujisogeza wala kupaza sauti. Bomba limekatikia hapohapo alipolala. Lete maji, mama, upesi. Anasema yaliyovuja ndiyo aliyokuwa akinywa, yakakatika Alhamisi."