Mkoromo wa Saa Saba Mchana

Mkoromo ulianza saa saba na robo, kama kawaida, na Bi Nura akashusha pumzi. Bado yupo, alijiambia. Mume wangu bado yupo.

Tangu korona iingie nyumbani kwao, mtaani Jabe, usiku ulikuwa haumtaki. Alikuwa akikodolea macho dari mpaka adhana ya alfajiri, anahesabu pumzi zake mwenyewe, akiogopa kwamba akipitiwa na usingizi tu, haamki tena. Usingizi wake wote ulihamia mchana, kwenye ile saa moja ambayo mumewe Suud hulala upande wa pili wa ukuta. Miaka thelathini na minane mzee huyo alifunga duka lake la vitambaa saa sita, akaswali, akala, akajitupa kitandani na kukoroma mpaka vikombe vikagongana kabatini. Na ukimwambia anakoroma, anakana kata kata! Alikana mpaka siku alipoletewa ushahidi, na hapo akanuna siku mbili nzima.

Sasa kero hiyo ndiyo iliyokuwa dawa. Mkoromo ukianza, hata dakika tano hazipiti, Nura keshalala.

Walikuwa wameugua pamoja, kila mmoja akafungiwa chumba chake. Homa ilimpiga Nura siku tatu hajui usiku wala mchana. Alipozinduka aliuliza jambo moja tu.

"Baba yenu?"

"Anapumzika, mama," alijibu binti yake Afrah, barakoa imempanda mpaka chini ya macho. "Dokta amemukataza kusema, pumzi haimutoshi. Na we usimuite. Ukishtuka, moyo wako hautaweza."

Siku hiyo hiyo, saa saba na robo, mkoromo ukaja. Nura alilia kwa furaha.

Majuma matatu yalipita, na masharti ya karantini hayakwisha. Afrah alimvua bangili zake sita za dhahabu, ati virusi hujificha humo. Akaondoa wanja, mafuta ya waridi na chetezo cha udi, kwa sababu moshi unaumiza mapafu. Nguo za rangi nazo zikafungiwa sandukuni, akaletewa nyeupe tupu. Hizo, Afrah alisema, zinachemshika vizuri na jiki. Hamood, mwanawe mkubwa, alikuwa akiacha sahani mlangoni na kuondoka bila kumtazama usoni. Nura aliona ni woga wa ugonjwa tu, akamsamehe.

Jirani yao Dévote, muuguzi, alikuja kumpima kwa kale kadude kanakobana kidole. Alisoma nambari, akasema ni nzuri sana, halafu machozi yakamlowesha barakoa.

"Mwihangane, Mama Hamood," alisema. "Pole. Pole sana."

"Pole ya nini tena?" Nura akamcheka. "Mi si nimeshapona?"

Hata ile jioni aliposikia Yasini ikisomwa uani, sauti chache za chini chini, aliambiwa ni dua ya wagonjwa. Akaitikia amina kutoka kitandani kwake, kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: avuke ule ukuta, alale ubavuni mwa mumewe, wagombanie shuka kama zamani. Na leo asubuhi, baada ya kubanwa sana, Afrah alikuwa ametamka kwamba kipimo cha mwisho ni kesho. Kesho! Basi Nura akaapa kwamba leo halali. Atausikiliza mkoromo mpaka mwisho, na mzee akiamka tu, atamgongea ukuta, dokta atake asitake.

Akaketi sakafuni, mgongo umeegemea ukuta. Dakika tano. Kumi. Kope zikawa nzito, akajifinya paja. Mkoromo ulipanda, ukashuka, ukakwama kidogo pale unapokwama siku zote, ukapanda tena. Nura akatabasamu. Huyu mzee bwana!

Halafu mwanamke akacheka.

Nura aliruka wima. Mwanamke, chumbani mwa mumewe! Katika korona hii hii! Ndiyo maana wanamficha! Akabandika sikio ukutani, moyo unamwenda mbio, yuko tayari kuvunja karantini na mlango pamoja.

"Geuka, Suud!" yule mwanamke alisema huku akicheka. "Haya, kana sasa! Leo ushahidi ninao, humu kwenye simu!"

Kisha mkoromo ukaanza upya, ukapanda, ukashuka, ukakwama palepale.

Nura hakuvunja mlango. Sauti ile aliijua: ilikuwa yake mwenyewe. Afrah alipoingia na bakuli la uji, alimkuta ameketi sakafuni na nguo zake nyeupe, ameshika kifundo cha mkono wake pale palipokuwa na bangili.

"Mama! Leo hukulala?"

"Mwambie Hamood azime."

Afrah akaliweka bakuli chini. "Azime nini, mama?"

Nura alikuwa akihesabu kwa vidole, polepole, kuanzia ile homa ya siku tatu.

"Zimebaki siku ngapi?" aliuliza.

"Za karantini? Si nilikwambia, moja tu..."

"Apana, mwanangu," alisema Nura. "Za eda."