Mkono Juu ya Sahani

Jumapili, tarehe 8 Februari 2026. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, na Masasi iliamkia joto la kutokwa jasho.

Mama Evelina aliambua nyuzi za majani ya maboga, akayapika upesi kwa nyanya na bamia changa, akakamulia limau. Hakutia chumvi. Presha ilikuwa nusura imuue mumewe, na daktari alimkataza chumvi.

Wazazi wa mumewe walikuja kumpa pole mwana wao.

"Ng'ombe hawapo, majani tunapewa sisi!" baba mkwe alitania.

Wakafumba macho, naye Mama Evelina akaombea chakula. Alipofumbua, vidole vya mama mkwe vilikuwa juu ya sahani ya mgonjwa, vimebana chumvi.

Akamdaka mkono. Mkwe hamshiki mama mkwe hivyo. Punje zikanata kwenye jasho la viganja vyao.

"Niachie! Mwanangu atakulaje kitu kisicho na ladha?"

Mama Evelina hakuuachia mkono.

"Nisamehe, mama. Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi: maadamu mimi ndiye ninayempikia, chumvi haitagusa sahani hii. Mkinichukia, nichukieni akiwa hai."