Vali Iliyozibwa

Mshale wa geji ya presha ulikuwa umeshaupita mstari mwekundu, na kompresa ya kujazia upepo bado ilikuwa inanguruma.

Mwanamke aliyesimama mbele yake aliichagua mwenyewe kwa ajili ya gereji yake ya nyumbani. Mdogo wa mumewe ndiye aliyeifunga, na sasa alikuwa amelikalia tangi lake la upepo kama kiti cha enzi.

"Shemeji, mbona ile vali ya kupunguza presha haifunguki?" mwanamke aliuliza.

"Yule mpiga filimbi? Ilikuwa inavuja, nikaiziba kwa bolti. Sasa hata chafya haitoki!"

Mwanamke hakucheka. Aliweka kiganja juu ya tangi. Chini ya vidole vyake chuma kilikuwa kinavimba, na rangi ikipasuka kama ganda la yai.

"Shuka taratibu, shemeji. Toka nje."

"Na wewe?"

Swichi ya kuzimia kompresa ilikuwa ukutani, nyuma ya tangi.