Fundi wa Kalafati

Ndunda alimdanganya Mulwa kwa heshima zote zinazostahili uongo mkubwa. Alifunga vifungo vya sweta, akakohoa, akainamisha kichwa.

"Kalafati alikuwa fundi wa Lamu," alisema. "Alisahau kuziba chombo chake, kikazama naye. Kazi ya kuziba ikapewa jina lake, Mungu amrehemu."

"Woi, maskini!" Mulwa alisema. "Asante, ndugu yangu. Mwingine angenificha."

Basi la shule la kwenda Mombasa lilikuwa limebakiwa na kiti kimoja, na waliokigombania walikuwa hao wawili. Mwalimu Maundu, naibu wa mkuu wa shule, alikuwa ametangaza kwamba angeuliza swali moja tu: kalafati ni nini, na neno hilo lilitoka wapi? Ndunda, mzaliwa wa Katangi, hakuwa ameona maji mengi kuliko ya mto Athi. Kiti kile alikiota hata akiwa darasani.

Asubuhi, kidato cha tatu kilikusanywa kando ya tangi la zege lililokuwa likivuja tangu muhula wa kwanza. Mulwa akaanza. Alipofika mahali fundi anapozama, wanafunzi walicheka hadi wakashikana. Ndunda peke yake alitikisa kichwa kwa huzuni ya mfiwa.

Kisha akasimama yeye.

"Kalafati ni kuziba nafasi kati ya mbao za chombo. Unachovya pamba kwenye mafuta, unaigongomea kwa patasi na nyundo ya mti. Neno lilitoka kwa Waarabu, mwalimu, waliofika pwani na vyombo vyao."

"Ebu ngoja. Kwenye zege inaweza kushika?"

"Hata kwenye chungu, mwalimu!" Ndunda hakuwahi kugongomea hata msumari. "Tone halipiti."

"Na pamba tutaitoa wapi hapa Machakos?"

"Ya godoro inatosha kabisa."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Maundu naye akapiga.

"Hongera, Ndunda. Hayo ndiyo niliyotaka kusikia."

Ndunda akamtupia Mulwa jicho la huruma. Tayari alihisi mchanga wa Mombasa katikati ya vidole.

"Mulwa, kafunge sanduku lako. Safari ni ya wasiojua." Mwalimu akatoa patasi kwenye mfuko wa koti, akamwekea bingwa mkononi. "Na wewe, fundi, lete godoro lako."